Barua ya Wazi kuhusu Rasi ya Entebbe: Uwekeni Mpaka wa Ziwa Mahali Ambapo Kila Mtu Atauona

Kwa Waheshimiwa: Waziri wa Maji na Mazingira, Waziri wa Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale, Mkurugenzi Mtendaji wa Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), Meya na Madiwani wa Manispaa ya Entebbe.

YAH: UKANDA WA HIFADHI WA MITA 200 KWENYE MWAMBAO WA RASI YA ENTEBBE

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zinazowastahili, naomba nafasi ya kuwaeleza jambo moja, ingawa itanilazimu kupita katika mengi kabla ya kulimaliza. Mimi ni mkazi wa Kigungu, kwenye ncha ya rasi ya Entebbe, na riziki yangu inatokana na kuwatembeza wageni na wanafunzi wa shule kando ya ziwa hili ambalo Waganda huliita Nnalubaale. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tunayosikilizana mwaloni kwetu, ambako Mganda, Msoga, Mkongomani na askari aliyetoka kaskazini hupatana bei ya sangara bila mkalimani, na pia kwa sababu Katiba yetu, tangu marekebisho ya 2005, inaitambua kuwa lugha rasmi ya pili.

Rasi yetu imejaliwa hifadhi za wanyama, mimea na kumbukumbu za watu, na kila moja ina ofisi yake, lango lake na mlinzi wake. Ukanda wa ufukwe unaoziunganisha hauna mwenyewe. Katika vitabu vya sheria ukanda huo upo na umepimwa. Ukishuka ziwani kuutafuta, huuoni. Ninachoomba ni kwamba muutoe vitabuni na kuuweka ardhini.

Sheria yenyewe haina utata mkubwa. Kanuni za Mazingira za mwaka 2000 zinazohusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zimetenga mita 200 kuanzia alama ya kina cha chini cha maji kwa maziwa makubwa, na Ziwa Victoria ni mojawapo. Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inasema kwamba maziwa ya asili, mito, ardhi oevu na misitu ya hifadhi vimewekwa mikononi mwa Serikali na serikali za mitaa kwa amana, kwa ajili ya wananchi wote. Anayeshika amana ya mwingine haigawi, wala haangalii pembeni inapogawiwa. Na kwa kuwa Ikulu ya Entebbe yenyewe inatazamana na ziwa hili, sidhani kama kinachokosekana ni mtu wa kuona.

Naomba mnifuate sasa kwa miguu, tuanzie kwetu Kigungu, kwa maana wageni wengi huishia uwanja wa ndege wasijue kwamba rasi inaendelea. Tarehe 17 Februari 1879 Padri Siméon Lourdel, ambaye Uganda ilikuja kumfahamu kwa jina la Mapeera, pamoja na Bruda Amans walishuka hapa kwa mtumbwi wakitokea kusini mwa ziwa, baada ya safari ndefu iliyoanzia pwani ya Bahari ya Hindi kwa njia ileile ya misafara iliyokileta Kiswahili huku ndani. Leo pana kanisa, na kila mwaka mahujaji huja kusali mahali hapo. Lakini watu hawakuanza kuifahamu ncha hii siku ile. Kwa simulizi za Waganda, ilikuwa milki ya Mugula, mkuu katika ukoo wa Mmamba, aliyekuwa na viti vyake vilivyochongwa kwenye mwamba, na kutokana na viti hivyo mji huu ukapata jina. Ukoo huo, ambao mwiko wake ni samaki kamongo, ndio uliompa Kabaka, mfalme wa Buganda, wasimamizi wa mitumbwi yake chini ya mkuu wa ukoo aitwaye Gabunga. Kwa hiyo mwenye kutafuta historia ya unahodha katika nchi isiyo na bahari, aitafute kwenye ufukwe huu kwanza.

Mtoto wa shule akiniuliza viti vya Mugula viko wapi, sina kibao cha kumwonyesha. Wazee husema maji yamevifunika, na si ajabu, kwa kuwa mvua kubwa za miaka ya 1961 hadi 1964 zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2. Mahali hapo, hata kama pako chini ya maji, pangeweza kuandikwa, kuchorwa kwenye ramani na kuwekewa alama ufukweni wakati wazee wanaojua wangali hai. Sheria ya makumbusho na mambo ya kale ya 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967, imewapa uwezo huo.

Kuna historia nyingine ambayo hatuisimulii sana, labda kwa kuwa inauma. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale uliwaua watu zaidi ya 200,000 katika mwambao wa Busoga, Buganda na visiwani, na kati ya 1906 na 1909 utawala wa Gavana Hesketh Bell ukawahamisha waliosalia kutoka fukwe na visiwa ili kuwatenga na mbung'o. Vijiji vikaachwa, mashamba yakageuka pori, na mahali pa matambiko pakabaki bila watu wa kupahudumia. Kijani tunachowaonyesha watalii katika sehemu nyingi za mwambao huu kilimea juu ya viwanja vya watu walioondolewa. Nayataja haya kwa sababu nimewasikia viongozi wakiuita ufukwe huu ardhi tupu inayongoja mwekezaji. Haijawahi kuwa tupu. Ilihamwa kwa amri, na vizazi vya waliohama vingali vinakuja kuomba na kuzika karibu na maji.

Tukitoka Kigungu na kuuzunguka uwanja wa ndege, tunafika kwenye Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1898 chini ya Alexander Whyte kwa ajili ya kujaribu mazao ya biashara kama mpira, kahawa na kakao. Eneo lake ni kama hekta 40, na kipande chake kimoja ni msitu wa asili ambao haukuwahi kufyekwa wote. Hapo mbega weusi kwa weupe huruka juu ya vichwa vya wanafunzi, hondohondo hupiga kelele asubuhi, na furukombe hutua kwenye miti inayoegemea maji. Jirani yake kuna Kituo cha Elimu ya Wanyamapori, ambacho wengi wetu bado tunakiita zuu, kilichoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima na waliojeruhiwa. Hadi leo kinapokea wanyama walionyang'anywa kwa wawindaji na wafanyamagendo. Mbali kidogo, kilomita 23 ziwani, kuna kisiwa cha Ngamba, ambacho tangu 1998 kimekuwa makao ya sokwe walioporwa mama zao msituni. Sina malalamiko juu ya hifadhi hizi tatu. Zinafanya kazi kubwa kwa fedha kidogo.

Tatizo ni kwamba wanyama hawasomi vibao vya malango. Mbega na tumbili wa Bustani hutembea kwa kufuata miti ya ufukweni. Ndege wanaolala kwenye msitu wa Bustani hula kwenye mafunjo yaliyo nje ya uzio wake. Na ng'ambo ya maji, upande wa magharibi, kuna kinamasi cha Mabamba chenye hekta zaidi ya 2,400, kilichoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu ya Mkataba wa Ramsar sambamba na ghuba ya Lutembe iliyo upande wa Kampala. Lutembe haifiki hata hekta 100, lakini buabua wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia hukusanyika hapo kwa wingi usiohesabika kwa macho. Mashamba ya maua sasa yamefika kwenye ukingo wake. Ndege hawa wanaiona rasi nzima kama nchi moja, huku sisi tukiwa tumeigawa katika mafaili ambayo hayakutani.

Mabamba inatufundisha jambo ambalo naomba mlipime. Wageni hulipa nauli kutoka mbali ili wamwone korongo-nyangumi, yule ndege wa kijivu mwenye mdomo mpana ambaye Waganda humwita bulwe. Zamani wavuvi wa huko walimhesabu kuwa nuksi: ukimwona asubuhi, hupati samaki siku hiyo, na ndege wengi wa aina hiyo waliuawa kwa sababu hiyo. Leo baadhi ya wavuvi haohao na watoto wao ndio wanaowapeleka wageni kwa mtumbwi, nao wanamlinda ndege huyo kuliko askari yeyote, kwa sababu anawalipia karo. Chakula chake kikuu ni kamongo. Kamongo dume huchimba kiota kwenye mizizi ya mafunjo na kukaa hapo akilinda makinda yake mpaka waweze kujitegemea, na kwa kuwa samaki huyu hupanda juu kuvuta hewa, bulwe husimama bila kutikisika karibu na mwanya wa maji, akingoja. Mafunjo yakiondoka, kiota kinaondoka, kamongo anapungua, ndege anahama, mtumbwi wa mgeni unabaki mwaloni bila kazi, na mwiko wa ukoo wa Mmamba unakuwa heshima kwa samaki ambaye wajukuu hawamjui. Sioni namna ya kuitenganisha mali ya asili na mali ya utamaduni hapo, ingawa wizara zetu zimeweza.

Sasa niwaeleze jinsi ukanda unavyoliwa, kwa maana ripoti nyingi zinasema tu «uvamizi», na neno hilo halionyeshi kitu. Kwanza hufika mabati. Uzio wa mabati husimamishwa kuanzia barabarani hadi ndani ya maji, kina cha magoti, ili apitaye asione na mama anayeteka maji azunguke njia nyingine. Nyuma ya mabati mafunjo hukatwa kwa panga na kuachwa yakauke, kisha huchomwa. Siku chache baadaye malori huja usiku na kumwaga udongo mwekundu wa moramu juu ya mizizi ambayo bado imelowa, na watu hushindilia kwa miguu na baadaye kwa mashine. Mvua ya kwanza huuosha udongo ule, na kwa siku mbili maji ya ufukweni hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Wavuvi wa ngege hutambua mara moja, kwa sababu samaki hao hutaga kwenye maji ya kina kifupi na tope hufunika viota vyao. Mzunguko huu ukirudiwa mara mbili au tatu hupatikana kiwanja, kisha msingi, kisha ukuta wa mawe unaosukumana na mawimbi. Na mwisho wa yote hutokea karatasi yenye muhuri. Jirani yangu mmoja aliwahi kwenda kwenye ofisi moja kuuliza kuhusu uzio wa aina hiyo, akaambiwa alete kwanza ushahidi kwamba ardhi ile si ya mtu.

Ujanja mmoja unaotumika unastahili kuangaliwa na wanasheria wenu. Kanuni inapima mita 200 kutoka kina cha chini cha maji, lakini ziwa hupanda na kushuka, na alama ile haijawekwa popote ambapo raia anaweza kuigusa. Ziwa likishuka, kama lilivyoshuka sana katikati ya miaka ya 2000, mjenzi hufuata maji na kusema kwamba ukavu mpya ni wake. Likipanda, husema kwamba maji ndiyo yaliyomfuata yeye. Mei 2020 kipimo cha kimo cha ziwa kilichoko Jinja kilivuka rekodi ya mita 13.41 iliyokuwa imedumu tangu Mei 1964, na sehemu za Entebbe zilizojengwa ufukweni zikaingiwa na maji hadi sebuleni. Mwezi mmoja kabla ya hapo, kipande kikubwa cha kinamasi kinachoelea kilikuwa kimesukumwa hadi kwenye mitambo ya bwawa la Nalubaale, na umeme ukakatika nchini. Mafunjo yaliyoshika ardhi huzuia mawimbi, hunasa tope na kuchuja uchafu unaoshuka kutoka mjini kabla haujafika kwenye maji tunayosafisha ili tunywe. Mafunjo yaliyokatwa pembezoni humeguka. Yeyote aliyekaa gizani siku ile ya Aprili ana haki ya kuuliza habari za ufukwe, hata kama anaishi mbali na ziwa, kule Arua.

Najua hoja za upande wa pili, na baadhi yake nina huruma nazo. Mji unahitaji ajira, na hoteli za ufukweni zimewaajiri vijana wa Kigungu, akiwemo mpwa wangu. Wapo wenye hati walizopata kihalali kabla ya kanuni za 2000, nao hawawezi kutendewa kama wezi. Ila mgeni anayelala kwenye hoteli hizo amekuja kutazama ziwa, ndege na miti. Akitaka ukuta wa zege angebaki kwao. Tena kanuni hazikatazi kila kitu. Mialo, njia za miguu, sehemu za kuteka maji na shughuli ndogo za utalii zinaweza kuruhusiwa kwa kibali na masharti. Kinachotusumbua ni kwamba vibali havionekani, na kwa hiyo mwananchi hawezi kutofautisha mwenye kibali na mwenye nguvu.

Kuhusu nguvu, niseme waziwazi lakini kwa adabu. Mwaka 2024 tuliona nyumba za watu wa kawaida zikibomolewa katika kinamasi cha Lubigi, katika wilaya yetu hii ya Wakiso. Sheria ya mazingira ilitekelezwa pale kwa haraka, na waliopoteza makazi ni watu waliokuwa na kipato kidogo. Sibishani na sheria ile. Nauliza tu kama trekta zinazofika Lubigi zinaweza pia kuikuta njia ya ufukweni, mahali ambapo kuta ni ndefu zaidi na magari yaliyoegeshwa ndani yake ni ya bei kubwa zaidi. Mwaloni kwetu swali hili huulizwa kwa kicheko, na mimi kicheko hicho kinanitia hofu kuliko hasira.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba wapimaji wa Serikali washuke wachague kimo kimoja cha maji kilichokwisha kurekodiwa Jinja, wakitangaze kuwa ndicho alama ya kina cha chini kwa rasi yote, halafu wapime mita 200 na kusimika nguzo za zege zenye namba, kuanzia Kigungu, kupitia Nakiwogo na Bustani ya Mimea, hadi Lutembe. Nguzo ikianguka au ikihamishwa, mvuvi yeyote aweze kutaja namba yake kwa simu. Ramani ya nguzo hizo, pamoja na orodha ya vibali vyote vilivyotolewa ndani ya ukanda na majina ya waliovipata, ibandikwe kwenye ofisi za LC, yaani halmashauri za mitaa, na kwenye mialo. Gharama ya zege na rangi haiwezi kuishinda nchi iliyojenga barabara ya kasi ya kuelekea uwanja wa ndege wa rasi hii hii.

Kabla ya nguzo kusimikwa, wazee wa ukoo wa Mmamba na viongozi wa kanisa la Kigungu waitwe waonyeshe mahali pao, na waganga wa jadi wenye matambiko ziwani wasiachwe nje kwa sababu tu mtu fulani ofisini anawaonea aibu. Mahali watakapopaonyesha paandikwe chini ya sheria ya 2023. Ningependa pia Bustani, Kituo cha Elimu ya Wanyamapori, idara ya uvuvi, Manispaa na Ufalme wa Buganda wawe na kikao kimoja cha kudumu kuhusu ufukwe, chenye kumbukumbu zinazosomeka na wananchi. Hata kikikutana mara nne kwa mwaka kitakuwa kimeshinda hali ya sasa, ambapo ukipeleka malalamiko unaelekezwa ofisi nyingine, na ile nyingine inakuelekeza ulikotoka.

Kazi ya kulinda isiachiwe bunduki peke yake. Vijana wa Mabamba wamethibitisha kwamba mtu anayekula kutokana na ndege hamwui ndege. Kama sehemu ya viingilio vinavyolipwa kwenye hifadhi za rasi ingerudi kuwalipa walinzi wa ufukwe kutoka Kigungu, Nakiwogo na Kasenyi, wangekuwa macho yenu usiku, saa ambazo malori hupita.

Mvua za masika huanza Machi, na baada ya hapo nguzo haziwezi kusimikwa kwenye tope hadi Juni. Naomba upimaji uanze katika kiangazi kijacho cha Desemba hadi Februari, wakati maji yametulia na mafunjo yanapitika. Majibu yenu, yawe ya kukubali au ya kukataa, naomba yabandikwe kwenye ubao wa mwalo wa Kigungu kwa Luganda na kwa Kiswahili, yakiwa na jina la afisa ambaye wananchi watamwona wakiwa na maswali, na siku ambazo anapatikana ofisini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Kigungu, mwongoza wageni,
Entebbe.